Nusu debe na sado moja

Sokoni Mdandu, wilayani Wanging'ombe, mtoto wa darasa la tano anayemsaidia mama yake kuuza maharage hahitaji kalamu. Mteja akitaka nusu debe na sado moja juu yake, mtoto hupima, hutaja bei na kurudisha chenji. Kesho yake mwalimu anaandika ubaoni ½ + ⅕. Mtoto yuleyule anajumlisha 1 na 1, kisha 2 na 5, anaandika 2/7. Amekosa hesabu aliyoipata jana yake.

Tuirudishe hesabu hiyo sokoni. Debe hubeba lita 20 na sado lita 4, kwa hiyo sado 5 hujaza debe: sado moja ni ⅕ ya debe. Nusu debe ni lita 10. Ukiongeza sado, unapata lita 14. Lakini 2/7 ya debe haifiki hata lita 6. Yaani mtoto amekuwa na nusu debe, akaongezewa, mzigo ukapungua! Hakuna mchuuzi wa Mdandu atakayekubali jambo hilo. Darasani linapita kwa sababu alama za ubaoni hazijaunganishwa na kitu chochote anachokijua.

Pengo hili halipo Mdandu peke yake. Mwaka 1985 watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kwa watoto watano wachuuzi mjini Recife, Brazil. Wakiwa kazini, wakiuza nazi na matunda, watoto hao walipata karibu maswali 98 katika kila 100. Hesabu zilezile zilipoandikwa karatasini bila nazi wala mteja, walipata takriban 37. Akili ilikuwa ileile. Kilichokosekana ni daraja kati ya soko na karatasi.

Kwa nini sehemu ndizo zinazowaangusha watoto? Tangu darasa la kwanza mtoto amejifunza kwamba 8 ni kubwa kuliko 4. Akifika kwenye sehemu, anaamini kwamba ⅛ ni kubwa kuliko ¼. Hajafanya uzembe, ametumia kanuni iliyomfaa kwa miaka mitatu. Asiposaidiwa hapo, gharama hulipwa baadaye. Mwaka 2012 Robert Siegler na wenzake walionyesha, kwa takwimu za Uingereza na Marekani, kwamba uelewa wa sehemu na kugawanya mtoto akiwa na miaka 10 hivi unabashiri uwezo wake wa aljebra miaka mitano au sita mbele. Hapa kwetu, katika mtihani wa kidato cha nne wa 2023, waliofaulu Hisabati walikuwa karibu robo tu ya watahiniwa. Mzizi wa matokeo hayo unafaa utafutwe pia katika madarasa ya kati ya shule ya msingi.

Daraja lenyewe lina ngazi tatu, ambazo mwanasaikolojia Jerome Bruner alizieleza katika miaka ya 1960: mtoto ashike, achore, ndipo aandike. Kushika ni debe, sado na maji ya kisimani. Kuchora ni mstari wa namba, na hauhitaji fedha. Funga kamba ya katani kutoka ukuta hadi ukuta; mwanzo wake ni 0, mwisho ni 1. Waite watoto wakunje karatasi na kuzitundika mahali pake: ½ katikati, ¼ nusu ya njia kurudi kwenye 0, ⅛ karibu zaidi na 0. Anayeshika ⅛ mwenyewe huona kwamba amesogea nyuma. Baada ya hapo kigawe kidogo cha shirika (KDS) cha 2 na 5 kinakuwa na maana: debe limegawanywa mafungu 10 ya lita mbili mbili, nusu ni mafungu matano, sado ni mawili, jumla 7/10.

Na lugha yetu imeshafanya nusu ya kazi. Namba ya chini tunaiita asili, ya juu kiasi: kitu kizima kimegawanywa mangapi, na umechukua mangapi. Mtoto anayesema saa tatu kasorobo ametoa robo kwenye 3. Tangu saa kumi na mbili asubuhi zimepita saa 2¾. Anatoa sehemu kwenye namba nzima kila siku, bila kuambiwa kwamba hiyo ni hisabati. Mwalimu amwambie.

Kwa wakulima wa viazi, kati ya Njombe na Makambako, kuelewa sehemu ni suala la riziki. Chukua gunia linalopaswa kuwa na kilo 100, likafungwa lumbesa hadi kilo 125. Zile kilo 25 ni robo ya gunia la halali, lakini ni moja ya tano tu ya mzigo uliochukuliwa. Viazi ni vilevile. Asili ndiyo iliyobadilika. Mnunuzi anaweza kutaja sehemu ndogo, mkulima akaitikia. Mtoto aliyefundishwa vizuri darasa la tano, akiwa amesimama kando ya mzazi wake, atauliza swali linalobeba somo zima la sehemu: ya nini?