Kifaa cha Kushtua Moyo Chini ya Ngozi

Wengi wenu mnaipenda kandanda na mtakumbuka Juni 12, 2021, Christian Eriksen wa Denmark alipoanguka ghafula uwanjani mjini Copenhagen. Moyo wake ulisimama. Aliokolewa kwa kukandamizwa kifua na kushtuliwa kwa umeme pale pale. Baadaye aliwekewa kifaa cha kushtua moyo. Kanuni za Italia hazikumruhusu kucheza nacho, hivyo alihamia Uingereza mwaka 2022, akacheza.

Je, kifaa hiki ni nini? Ni kisanduku kidogo chenye betri, kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua, na waya wake hupita katika mshipa hadi moyoni. Mapigo yakienda ovyo hata moyo ukatetemeka tu bila kusukuma damu, kifaa hutambua na kupiga umeme. Daktari Michel Mirowski alianza kukifikiria baada ya mwalimu wake, Profesa Harry Heller, kufa mwaka 1966. Mgonjwa wa kwanza aliwekewa Baltimore, Marekani, Februari 1980. Siku hizi ipo aina ambayo waya wake hauingii moyoni; hulala chini ya ngozi kando ya mfupa wa kidari.

Lakini hakiponyi ugonjwa. Dawa ziendelee. Simu isiwekwe kwenye mfuko wa shati juu yake. Mgonjwa akishtuliwa mara moja na kujisikia vizuri, amwarifu daktari. Akishtuliwa tena, apelekwe hospitali upesi. Anayemgusa wakati huo hadhuriki. Akianguka asizinduke, msingoje kifaa: kandamizeni kifua.

Liko jambo ambalo familia huona haya kuliuliza. Mgonjwa akifikia siku zake za mwisho, labda kwa saratani, kifaa hakijui hilo. Chaweza kumpiga umeme akiwa anakata roho, mbele ya wanawe. Daktari anaweza kuzima mishtuo hiyo kwa mashine ya nje, bila kisu wala maumivu. Huko si kumwua, kwa maana kuizima hakusimamishi moyo. Nayo Katekisimu (na. 2278) inakubali kuacha matibabu yaliyo mzigo mzito yasiyolingana na matokeo yanayotazamiwa. Mwulizeni daktari mapema, mgonjwa angali anaweza kusema mwenyewe anataka nini.