Unga Unaonunuliwa na Mgongo wa Mtoto Atakayezaliwa

Ubongo huwasiliana na mwili kwa njia ya neva. Jozi 12 hutoka ubongoni na kuhudumia macho, masikio, uso, ulimi na koo. Jozi nyingine 31 hutoka katika ugwe wa mgongo, yaani kamba laini ipitayo ndani ya pingili za uti wa mgongo, nazo huendesha mikono, miguu, kibofu na haja kubwa.

Ugwe huo huumbika mapema mno. Katika siku 28 za kwanza tangu mimba kutungwa, utando bapa hujikunja ukawa mrija na kujifunga. Mrija usipofungika upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi: mara nyingi miguu hupooza, mkojo hauzuiliki, na maji huweza kujaa kichwani. Hiyo si laana wala kosa la mama. Sababu ni nyingi. Mojawapo inayozuilika ni upungufu wa asidi ya foliki.

Siku hizo 28 zinapotimia, wanawake wengi hawajatambua kuwa ni wajawazito, na vidonge vya kliniki huwafikia wakiwa wamechelewa. Ndiyo maana kanuni za mwaka 2011 ziliwataka wenye viwanda kuongeza virutubishi, ikiwemo asidi ya foliki, katika unga wa ngano na wa mahindi. Hata hivyo, kaya nyingi za Kongwa, Chamwino na Bahi husaga nafaka zao kwenye mashine za kijijini, na kwa kawaida unga huo hauongezwi kitu.

Mlaji anashauriwa:

1. Asome lebo ya unga wa pakiti: alama ya ubora ya TBS, virutubishi vilivyoongezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Weupe wa sembe si dalili ya ubora. Kukoboa huondoa virutubishi.

2. Anayesaga mwenyewe apendelee dona, na ale mlenda, majani ya kunde, maharage na karanga. Mboga zisichemshwe muda mrefu, wala maji yake yasimwagwe.

3. Mwanamke anayetarajia kupata mimba atumie mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, akianza angalau mwezi mmoja kabla. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi amwone daktari kwanza, kwani kipimo chake huwa kikubwa zaidi.

Mtoto akizaliwa na uvimbe au kidonda mgongoni, afunikwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, asilazwe chali, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Upasuaji haurudishi neva zilizokwisha kuharibika, lakini huzuia maambukizi na kuziokoa zilizobaki.