Kemia Iliyojificha Ndani ya Miwa ya Nzoia

Mwanafunzi anayetoka sekondari za Bungoma na kujiunga na Chuo Kikuu cha Kibabii, kwenye barabara ya Chwele, hukutana na aldehaidi na ketoni kama mtu anayeziona kwa mara ya kwanza. Silabasi ya kemia ya KCSE ilimtoa kwenye alkanoli ikamfikisha kwenye asidi za alkanoiki, ikaruka kilicho katikati. Lakini ethanoli haigeuki kuwa asidi kwa mkupuo mmoja: kwanza huwa ethanali, nayo ni aldehaidi. Jirani aliyevuka Malaba au Lwakhakha kusomea kidato cha tano na sita Uganda ameshazichambua kampaundi hizo kwa ajili ya mtihani wa UACE.

Pengo hili linaniuma, maana mwanafunzi wetu ameshaipima aldehaidi kwa mikono yake, tena akapewa alama. Ilikuwa kwenye maabara ya baiolojia. Alitia myeyusho wa Benedict, ule wa buluu, ndani ya maji ya glukosi, akachemsha. Rangi ikawa kijani, manjano, chungwa, hatimaye nyekundu ya tofali. Hakuna aliyemwambia kwamba kundi la aldehaidi la glukosi ndilo lililozipa ayoni za shaba zilizomo kwenye myeyusho huo elektroni, nalo likageuka asidi.

Sasa ajaribu sukari ya dukani, kama ile ya miwa inayovutwa na matrekta hadi kiwanda cha Nzoia, Bukembe. Achemshe atakavyo, buluu itabaki buluu. Sukrosi ni glukosi, yenye aldehaidi, iliyoungana na fruktosi, yenye ketoni, na kifungo chao kimefunga makundi hayo mawili yenyewe. Achemshe kwanza na asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, aipoze, atie bikaboneti hadi povu liishe, ndipo arudie Benedict. Nyekundu itatokea, kwa kuwa asidi imekata kifungo.

Mwalimu wa kemia akiomba dakika kumi za kipindi hicho cha baiolojia, atakuwa amefundisha jambo kuu la mada nzima: kaboni ya aldehaidi iliyoshika oksijeni ina haidrojeni pia, kwa hiyo huoksidishwa kwa urahisi, ya ketoni haina. Propanoni, ambayo ni ketoni, ukiichemsha na Benedict haibadilishi kitu.

Fruktosi ndiyo huwanasa hata wanafunzi hodari. Ni ketoni, lakini hutoa nyekundu, kwa sababu myeyusho wa Benedict ni wa alkali, na ndani ya alkali fruktosi hujipanga upya ikapata kundi la aldehaidi.