Maneno Kumi na Mawili Ndiyo Pesa Yenyewe

Vijana wetu wa Rubaya na Bisie wanajua kuchimba kwa mikono. Lakini kuna machimbo ya namna nyingine hapa Kivu ya Kaskazini: huko Luviro, upande wa Lubero, Parki ya Virunga ilianza mwaka 2020 kuchimba bitcoin kwa mashine zinazotumia umeme wa mto. Na leo kijana mwenye telefoni anaweza kuweka bitcoin ndani ya programu inayoitwa pochi.

Hatumwambii mtu anunue. Bei yake hupanda na kushuka kama ya koltani. Ila mwenye nayo ajue kuilinda.

Ukipoteza SIM yenye M-Pesa au Airtel Money, unakwenda kwa ajansi na kitambulisho, unapewa nyingine, na franga zako zipo. Pochi ya bitcoin haina ajansi, wala bosi wa kumlilia. Siku ya kuifungua, pochi nyingi zinakupa maneno 12 au 24, yaliyochaguliwa katika orodha ya maneno 2048. Maneno hayo, kwa mpangilio wake, ndiyo ufunguo. Telefoni ikinyang'anywa njiani, unayaandika katika telefoni nyingine na pesa inarudi. Mwizi akiyapata, naye anafanya vilevile, hata akiwa mbali, huku telefoni yako umeishika mkononi!

Basi ndugu, yaandike kwa kalamu kwenye karatasi. Usiyapige picha. Usimtumie rafiki kwa WhatsApp, eti akutunzie. Funga karatasi ndani ya plastiki, maana mvua ya Walikale tunaijua, na ya pili uifiche katika nyumba nyingine. Watu wa Masisi wamekimbia usiku mara ngapi? Kilichobaki chini ya godoro kimebaki. Mwenzako wa ndoa ajue karatasi iko wapi, kusudi shimo likikuangukia watoto wasikose haki yao.

Programu yenyewe usiipokee kwa bluetooth kutoka kwa mtu wa sokoni. Inaweza kuwa ya wezi. Na akikupigia mtu anayejiita mfanyakazi wa pochi, akaomba maneno ili "atengeneze" akaunti yako, kata simu. Mfanyakazi wa kweli hana haja nayo.

Wachimbaji watamhurumia James Howells wa Newport, nchi ya Wales. Mwaka 2013 diski yake yenye ufunguo wa bitcoin karibu 8000 ilitupwa pamoja na takataka. Miaka mingi aliomba ruhusa ya kuchimbua jaa lile. Mwezi wa kwanza 2025 jaji alimkatalia.