Fahamu: Wimbo wa Taifa ulivyomrithi Sontonga
Wanafunzi wa Tabora Boys, alikosoma Julius Nyerere, wanapoimba wimbo wa taifa, tuni ni ya Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya wa Afrika Kusini aliyeitunga 1897.

Mwaka 1961 Tanganyika huru ikauchukua muziki wa Sontonga kwa maneno ya Kiswahili. Baada ya Muungano wa 1964, ubeti wa pili ulirekebishwa: Tanganyika ikawa Tanzania. Silabi nne kwa nne, hivyo tuni haikuhitaji kuguswa. Huo ni ufundi wa bahati njema!

Kwa tuni hiyohiyo, Zambia ilitunga maneno mapya kabisa. Afrika Kusini ilithubutu zaidi: 1997 iliuunganisha wimbo wa Sontonga na Die Stem, wimbo wake wa taifa wa zamani, na masikioni mwangu mshono unasikika.