Daftari la mvua likiingia kwenye kompyuta, linaandikwa jina la nani?

Siku hizi vikundi vingi vya wakulima huandika kiasi cha mvua, bei za sokoni na majina ya mbegu za asili, kisha hutuma taarifa hizo kwa simu kwenda kwenye mradi, chuo au halmashauri. Zikishapangwa kwenye kompyuta ili mtu aweze kutafuta ndani yake, tunaita kanzidata. Mradi ukifika mwisho, kanzidata huwekwa kwenye hifadhi. Hapo ndipo jambo moja husahaulika: kuandika ni nani aliyeifanya, na ni nani mwenye haki ya kuruhusu itumike.

Wapenzi wa muziki walilijua hilo kwa uchungu. Miaka ya 1990, ukiweka CD kwenye kompyuta, kompyuta haikujua majina ya nyimbo. Ikaanzishwa kanzidata iliyoitwa CDDB, na watu wa nchi mbalimbali wakachapa majina hayo wenyewe, wakayatuma bila malipo. Programu yake ya awali ilikuwa na leseni huria, basi wengi wakaamini kwamba hata orodha ingebaki ya wote. Mwaka 1998 ilinunuliwa na kampuni, baadaye ikaitwa Gracenote, na mwaka 2001 programu zisizo na leseni ya kampuni hiyo zikafungiwa mlango. Mwaka 2008 Sony iliinunua Gracenote kwa takriban dola milioni 260 za Marekani. Waliochapa hawakupata kitu. Kanzidata nyingine ya muziki, MusicBrainz, imeandika waziwazi kwamba taarifa zake za msingi ziko huru kwa yeyote. Anayechangia huko anajua anachotoa.

Je, sheria inasemaje? Kwanza tutenganishe vitu viwili. Kwamba Jumatatu ilinyesha milimita 42 ni ukweli tu, hauna mwenyewe. Lakini kazi ya kuchagua nini kiingie na kukipanga kwa namna ya pekee inaweza kulindwa na hakimiliki. Mkataba wa biashara wa TRIPS, ulioanza kutumika mwaka 1995, unasema hivyo: ulinzi ni wa uchaguzi na mpangilio, hauendi kwenye taarifa zenyewe. Mwaka 1991 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuilinda orodha ya majina na namba za simu ya kampuni moja ya vijijini huko Kansas, kwa kuwa kupanga majina kwa alfabeti si ubunifu. Ulaya wana sheria ya ziada tangu 1996: aliyetumia gharama kubwa kukusanya analindwa kwa miaka 15. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Haki huanza kazi inapofanywa, hata kama hamjaisajili.

Kumbukeni pia kwamba ndani ya kanzidata moja mnaweza kuwa na picha za mtu mmoja, ramani ya mwingine na maelezo ya mzee wa kijiji. Kila kimoja kina mwenyewe. Mwenye jedwali si lazima awe mwenye picha.

Wahifadhi wa Uswisi walitengeneza mfumo wa kuhifadhi kanzidata uitwao SIARD, na ndani yake kuna nafasi tofauti za kuandika mwenye data, kipindi data ilipotokea, na aliyeihifadhi. Tunaupenda utenganisho huo. Afisa aliyebonyeza kitufe cha kuhifadhi si mtunzi, ingawa mara nyingi jina lake ndilo pekee linalobaki kwenye faili.

Kikundi hakihitaji mfumo mkubwa. Andikeni ukurasa mmoja, muupe jina SOMA KWANZA, ukae kwenye folda ileile ya data. Ujumbe wa WhatsApp hautoshi, simu hupotea. Uandike waliopima, aliyebuni jedwali, tangu lini hadi lini, vilivyoazimwa na ruhusa ilitolewa na nani, na masharti ya matumizi, kwa mfano: "Inaruhusiwa kunakili, mtaje kikundi, kuuza ni kwa idhini." Mawasiliano yawe ya cheo, kama katibu wa kikundi, maana katibu atabadilika. Asiyetaka jina lake litokee asilazimishwe, hasa kwa kuwa Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022 zina sheria za kulinda taarifa binafsi. Kwake inatosha kuandika "mwanachama".

Na kabla ya kutuma data ya msimu huu, mwombeni anayeipokea awaonyeshe karatasi inayosema itamilikiwa na nani mradi ukiisha. Kama haipo, iandikwe na isainiwe kwanza, na nakala moja ibaki kwenu.