Kumuuguza Aliyefanyiwa Upasuaji wa Kifua

Leo tunazungumzia jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona tu: upasuaji wa kifua kwa watu waliobadili jinsia. Naomba usizime redio. Huenda anayehusika ni mwanao, mpwa wako au jirani, na atakapotoka hospitalini wewe ndiwe utakayemuuguza. Kidonda kinachofichwa kwa sababu ya aibu ndicho huoza.

Tunazungumzia akina nani?

Wapo watu waliozaliwa wakaitwa wasichana, lakini wao wanajijua kuwa wanaume. Wapo walioitwa wavulana, nao wanajijua kuwa wanawake. Wengine hawajioni kuwa mwanamume wala mwanamke. Shirika la Afya Duniani liliiondoa hali hii kwenye sura ya magonjwa ya akili, katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka wa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Kwa hivyo mama, huyo mtoto hajarogwa wala hajapata wazimu.

Tusiwachanganye na huntha, yaani watu waliozaliwa na maumbile ya jinsia yasiyo ya kawaida. Hao walihesabiwa 1,524 katika sensa yetu ya mwaka wa 2019, nao wana mahitaji yao.

Kabla ya upasuaji: kufunga kifua

Wengi wanaojijua kuwa wanaume hufunga matiti ili kifua kionekane bapa. Wengine hutumia bandeji au gundi ya kufungia makatoni. Hiyo ni hatari. Bandeji hukaza kadiri mtu anavyopumua, na huleta maumivu ya mgongo na mbavu, vidonda vya ngozi na kukosa pumzi. Ukigundua mwanao anajifunga, usimnyang'anye kitambaa kwa fujo. Mwambie atumie vazi la kubana lililoshonwa kwa kipimo chake, asilivae zaidi ya saa 8 kwa siku, asilale nalo wala asifanye mazoezi nalo. Akisikia maumivu au pumzi fupi, alivue mara moja.

Upasuaji wenyewe

Upasuaji huu hufanywa hasa kwa watu wazima, baada ya mazungumzo marefu na wataalamu. Mgonjwa hulazwa usingizi kwa dawa, na kazi huchukua saa mbili hadi nne. Mwenye matiti makubwa hupasuliwa mistari miwili chini ya kifua, nyama ya titi huondolewa, kisha chuchu hupunguzwa na kupandikizwa mahali papya. Mwenye matiti madogo anaweza kupasuliwa kuzunguka chuchu tu.

Ni vizuri aelewe mapema kwamba titi likiondolewa halirudi. Chuchu iliyopandikizwa mara nyingi hupoteza hisia, na kunyonyesha baadaye karibu hakuwezekani. Anayevuta sigara aache wiki 4 au zaidi kabla ya upasuaji, kwa sababu sigara hupunguza damu inayofika kwenye ngozi, na chuchu inaweza kufa.

Kazi yako wewe mlezi

1. Mirija. Wagonjwa wengi hutoka na mrija mwembamba kila upande, wenye kichupa cha kufyonza maji ya kidonda. Nawa mikono kwa sabuni, mwaga maji hayo, yapime, na uandike saa na kiasi kwenye daftari. Kwa kawaida huanza yakiwa mekundu, yakawa ya rangi ya waridi, kisha manjano. Usiuchomoe mrija. Utaondolewa kliniki, mara nyingi baada ya wiki moja hivi.

2. Vazi la kubana. Alivae kama alivyoagizwa, kwa kawaida wiki 3 hadi 6. Husaidia kuzuia maji yasijae chini ya ngozi.

3. Mikono. Kwa wiki 4 hadi 6 asiinue viwiko juu ya mabega wala kubeba kitu kizito kupita pakiti mbili za unga za kilo 2. Kwa hivyo hakuna kuchota maji kwa mtungi wa lita 20, hakuna jembe, na ndani ya matatu asishike chuma cha juu. Msaidie kuvaa shati lenye vifungo mbele.

4. Kutembea. Atembee kidogo kidogo kila siku ndani na nje ya nyumba, ili damu isigande miguuni. Alale chali, mgongo ukiinuliwa kwa mito.

5. Kidonda. Kisilowe mpaka daktari aruhusu. Usipake asali, majivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Chuchu iliyopandikizwa huwa nyeusi na kuota gaga. Mara nyingi hilo ni la kawaida, na gaga hudondoka lenyewe. Ameze dawa za maumivu alizoandikiwa, asiongeze aspirini, kwa maana huzidisha kutoka damu.

6. Kovu. Sisi wenye ngozi nyeusi hupata makovu yaliyovimba kwa urahisi zaidi. Kama mwanao aliwahi kuvimba kovu la sindano au la kutoboa sikio, amwambie daktari kabla ya kupasuliwa. Kovu huchukua mwaka mmoja au zaidi kutulia.

Dalili za hatari

Mpeleke hospitali bila kungoja asubuhi ukiona:

- Upande mmoja wa kifua umevimba ghafla na kuwa mgumu kuliko mwingine, hasa siku mbili za kwanza. Hiyo ni damu inayokusanyika ndani.
- Kichupa kinajaa damu nyekundu haraka.
- Homa, usaha, harufu mbaya au wekundu unaosambaa.
- Mguu mmoja umevimba na kuuma, au pumzi zinamkatika.

Usiogope kuulizwa maswali. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 nayo inalinda siri ya mgonjwa. Mweleze muuguzi ukweli kuhusu upasuaji uliofanywa, maana ukificha tutatibu tusichokijua.

Wanaotaka matiti

Wanaojijua kuwa wanawake huota matiti kiasi kwa homoni wanazoandikiwa na daktari, na wengine huwekewa vifuko maalum kwa upasuaji. Jihadharini sana na watu wanaodunga silikoni ya maji vyumbani au saluni. Silikoni hiyo huweza kusafiri hadi mapafuni na kuua.

Mambo ya kukumbuka

- Daktari huacha nyama kidogo ya titi. Hatari ya saratani hupungua lakini haiishi, kwa hivyo aendelee kujipapasa kifua, na akipata uvimbe aje kliniki.
- Moyo nao huuguzwa. Katika wiki za kwanza wengine hulia au hunyamaza kwa sababu ya uchovu na maumivu. Kaa naye. Akizungumza habari za kujiua, usimwache peke yake, mlete kituoni.
- Mwite jina analotaka kuitwa. Kiswahili chetu hakikupi taabu, kwa maana "yeye" ni yule yule kwa mume na kwa mke.

Mama, huhitaji kuwa na majibu yote ili umwoshe mtoto wako mgongo na kumpikia uji. Mengine mtazungumza polepole, kidonda kikiwa kimepona. Kama una swali, fika kituo cha afya kilicho karibu nawe umwone muuguzi.